Kata inaitwa Railway, reli yenyewe iko wapi? Wenyeji wa Mtwara njooni

#1 Mgeni wa Msimu
Wakuu salaam. Nimehamia Mtwara mwezi wa nane, kazi yangu iko kwenye maghala ya korosho. Nimepanga chumba kata ya Railway. Siku ya kwanza bodaboda kaniuliza naelekea wapi, nikasema Railway, moyoni najua nitashushwa jirani na stesheni. Nikashushwa mbele ya kibanda cha vocha, pembeni mama anakaanga mihogo. Sasa ni mwezi wa tatu. Honi ya treni sijaisikia, taruma sijaliona, na kila ninayemuuliza ananijibu, "Railway ni Railway tu, baba."

Natoa madai, mkitaka mnirarue: hapa hapajawahi kuwa na reli. Ni jina la kuazima kama mengine ya mji huu. Kuna Magomeni na Tandika, kama Dar. Kuna Shangani na Rahaleo, kama Unguja. Railway nayo kuna mtu kaja nayo kutoka huko alikotoka. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kuchele Tu
Kiti cha mbele. Ming'oko ninayo, chumvi na pilipili ninayo. Endeleeni.

#3 Babu wa Kota
Naandikiwa na mjukuu, macho yamechoka, kwa hiyo makosa ya herufi mkamdai yeye.

Kijana, reli ilikuwepo. Mimi nimezaliwa 1951 na utoto wangu umepita kwenye kota za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa kibarua wa genge, kazi yao kukagua njia, kukaza parafujo na kushindilia kokoto. Sisi watoto tulikuwa tunapanga vizibo vya soda juu ya chuma, treni ikishapita tunaviokota vimekuwa bapa kama sarafu. Tunavitoboa matundu mawili, tunapitisha uzi, tunavizungusha vinalia vuuu. Mama akiviona kiboko kinatembea, maana anajua tumevipata wapi.

Reli hiyo ililetwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, wakaamua walime karanga Tanganyika kwa matrekta, ekari zaidi ya milioni 3. Wakachagua Kongwa, Urambo na kwetu huku Nachingwea. Karanga za Nachingwea zingetokaje bila bandari na reli? Ndiyo ikachimbwa bandari Mtwara na reli ikajengwa 1949. Mji wote huu unaotembea wewe umezaliwa hapo.

#4 Mgeni wa Msimu
Shikamoo mzee wangu. Nimeanza kulegea, lakini sijaanguka bado.

#5 Mpimaji Mstaafu
Namheshimu sana Babu #3, ila nirekebishe mawili.

Kwanza, bandari "haikuchimbwa". Ghuba ya Mtwara ina kina kirefu cha asili, ndiyo sababu ya kuchaguliwa kwake. Kilichojengwa ni gati. Pili, 1949 treni haikuwa Mtwara. Kipande cha mwanzo kilianzia Mkwaya, upande wa Lindi, kikaenda Nachingwea, maana gati la Mtwara lilikuwa halijakamilika na mitambo ya shamba ilikuwa inasubiriwa. Gati na reli ya kutoka Mtwara mjini vimekamilika 1954. Tawi la Masasi limefuata 1958.

Sasa tazameni tarehe hizo. Mpango wa karanga serikali ya Uingereza iliufuta mwanzoni mwa 1951. Yaani reli imekuja kuwa tayari miaka mitatu baada ya mzigo wake kufa.

#6 Kuchele Tu
Duh. Sawa na kununua kitanda cha harusi bibi harusi keshaolewa kwingine.

#7 Lindi Asilia
Asante Mpimaji kwa kuyasema hayo mwenyewe. Reli ilianzia KWETU. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa KWETU hadi mlipoyahamisha mwanzoni mwa miaka ya 50. Mtwara mmekaa juu ya vitu vya Lindi halafu mnafungua nyuzi kuulizana vimetoka wapi.

#8 Kuchele Tu
@Lindi Asilia mlipewa mkoa wenu 1971, bado tu mnalia? Hata jina lenu kwenye kamusi ni shimo.

#9 Lindi Asilia
Ni shimo refu, na mifupa ya yule mjusi mkubwa, dinosaria wa makumbusho ya Berlin, ilitoka kwetu Tendaguru, ikapitia bandari ya Lindi. Nyie Berlin mmepeleka nini? Korosho za kubanguliwa?

#10 Dereva wa Kusini
Mjusi alipelekwa bila risiti, usijivunie sana kaka.

#11 Binti wa Mikindani
Mnabishana Lindi na Mtwara mnasahau kwamba kulikuwa na mji kabla ya huo mji. Mtwara ni mtoto wa juzi. Mikindani majahazi yalikuwa yanatia nanga zamani na zamani. Livingstone alishukia kwetu 1866 akaanza ile safari yake ya mwisho asiyorudi. Wajerumani wakajenga Boma 1895, bado limesimama, leo ni hoteli. Ofisi ya wilaya ilikuwa Mikindani. Ghuba yetu ilifaa majahazi, meli kubwa za karanga zikataka kina kirefu, wakahamia ng'ambo ya pili ya rasi. Bibi yangu mpaka anafariki, akitumwa hospitali Ligula alikuwa anasema "naenda kambini". Kwake yeye Mtwara ilikuwa kambi ya wajenzi, hajawahi kuiita mji.

Na manispaa mpaka leo inaitwa Mtwara-Mikindani, kwa hiyo tusisukumwe nje ya picha.

#12 Mgeni wa Msimu
Hiyo ya kambini imenigusa. Basi labda hapa Railway palikuwa kambi ya wajenzi wa reli, siyo stesheni? Babu #3 amesema kota. Kota na stesheni ni vitu viwili.

#13 Babu wa Kota
Vyote vilikuwepo, lakini watu walikuwa wanaishi kota, hawaishi stesheni. Jina hufuata watu. Ukitoka shule unaulizwa, "Wewe mtoto wa wapi?" unasema, "Wa Relwe." Ndivyo tulivyokuwa tunatamka.

#14 Mwalimu wa Vigaeni
Hapa ndipo mada inaponoga. Kwa nini basi wengine wanaiandika Reli na wengine Railway? Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimeona fomu za watoto wa mtaa mmoja zimeandikwa hivi na vile, na wazazi wanagombana nani kapatia.

Majina ya mji huu yana tabaka tatu. Lipo la kienyeji, Chikongola, Likombe, hayo chi- na li- zake unazisikia Kimakonde kabisa. Lipo la pwani, Shangani, Ufukoni. Na lipo la mjini, Majengo, Rahaleo, Railway, hayo ni ya watu waliokuja kufuata kazi. Kwa hiyo mleta uzi kwenye kuazima hujakosea yote. Shangani ya kwetu na ya Unguja zote ni mbele ya bahari, zote waliishi wakubwa. Anayeniambia ni bahati mbaya tu nitamsikiliza, ila sitamwamini.

Vigaeni yangu msiiguse. Ni vigae, palikuwa na vipande vya vyungu.

#15 Kibarua wa Gatini
Mwalimu, mimi nimeambiwa Vigaeni ni kwa sababu ya nyumba za mwanzo zilizoezekwa vigae.

#16 Mwalimu wa Vigaeni
Umeambiwa na nani? Vigae vya kuezekea Vigaeni wakati wenyewe tumekulia kwenye makuti?

#17 Kibarua wa Gatini
Nimeambiwa na mzee mmoja feri, tukisubiri pantoni ya Msangamkuu.

#18 Mwalimu wa Vigaeni
Feri pantoni ikichelewa watu wanaambiwa mengi.

#19 Mpwa wa Makonde
Na Magengeni je? Babu kasema baba yake alikuwa kibarua wa genge. Magenge ya reli, Magengeni. Nimemaliza, nadai zawadi.

#20 Binti wa Mikindani
Rudisha zawadi. Magengeni iko Mikindani, mtaa wa zamani, watu wamezikwa pale kabla babu yake reli hajazaliwa. Kwetu tunasema ni magenge ya sokoni, wauza samaki na matunda. Mjomba wangu anashikilia genge kwa maana ya ule mwinuko wa mawe nyuma ya mji. Walishawahi kununiana na shangazi wiki nzima kwa hilo.

#21 Ngosha Kusini
Mimi ni Msukuma, nimeoa huku. Kwetu jina la mtaa ni jina tu. Huku mtu anaweza kukosa ndoa kwa sababu ya genge. Swali la msingi halijajibiwa: reli imekufa kwa nini? Mjini hapa nimesikia majibu matatu tofauti na kila mtu anaapa.

#22 Mpimaji Mstaafu
Jibu la makaratasi ni fupi: hasara. Ilijengwa kwa karanga, karanga hazikuja. Ikabaki kubeba korosho, mihogo, ufuta na abiria wachache, na mizigo hiyo ni ya msimu. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaona linaendesha treni tupu nusu ya mwaka. Ikafungwa baada tu ya Uhuru, ikang'olewa.

#23 Mpwa wa Makonde
Mimi nililelewa na jibu jingine. Kwamba barabara ziliiua. Malori yalikuwa rahisi.

#24 Dereva wa Kusini
Wewe Mpwa nani kakudanganya? Barabara ipi? Nimeanza kuendesha lori Dar–Mtwara miaka ya 90. Masika ikiingia tulikuwa tunafika Ndundu, Mto Rufiji umefura, pantoni imesimama, foleni ya malori mpaka macho yanachoka. Siku tatu, siku nne, safari moja tulikaa siku tisa. Nilibeba vitunguu, vikaota majani ndani ya turubai, nikavigawa kwa wanakijiji wakanipa samaki. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003, na baada ya hapo kipande cha Ndundu–Somanga kikaendelea kututesa miaka mingine kumi na kitu. Barabara iliyoua reli mwanzoni mwa miaka ya 60 ilikuwa haijazaliwa mwaka 2000!

Kama ni kuuawa, basi reli ilikufa halafu sisi tukaachwa bila chochote miaka arobaini.

#25 Kuchele Tu
Siku tisa na vitunguu vikaota. Dereva nakupa kura zangu zote.

#26 Babu wa Kota
Dereva amesema kweli. Jibu la tatu, ambalo baba yangu alikuwa nalo, si la hasara wala barabara. Yeye aliamini iling'olewa kwa sababu ilikuwa na vyuma vizuri na kuna mahali pengine vilihitajika zaidi. Alikuwepo wakati wa kung'oa. Watu walewale waliokuwa wanaishindilia ndio waliolipwa kuifungua. Alituambia parafujo nyingine walizikaza wenyewe mwaka uliotangulia, zikagoma kutoka, wakawa wanacheka huku wanalia. Vyuma vikapakiwa melini. Kwenda wapi, hakuwahi kuambiwa.

#27 Mpimaji Mstaafu
Mzee, hiyo haipingani na hasara. Njia ikifungwa vyuma hutumika kwingine, ni kawaida.

#28 Babu wa Kota
Wewe unaniambia kawaida ya ofisini. Mimi nakuambia alivyoona mshika spana.

#29 Lindi Asilia
Vingine havikwenda melini. Kuna nyumba najua, siitaji kijiji, chuma cha reli ni mhimili wa paa mpaka kesho. Hakuna mchwa wala nini.

#30 Mwana Shangani
Naomba tuseme na ya leo. Mji huu kila baada ya miaka fulani unaambiwa ujiandae. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikaja kuwa gumzo hasa miaka ya 2010. Nilikuwa nimepanga Shangani. Mwenye nyumba, mtu mwema kabisa, siku moja kaja na karatasi: kodi mara tatu, kuna wazungu wa gesi wanataka nyumba. Nikahamia hapo hapo Railway. Majirani waliuza viwanja, wengine wakakopa kujenga nyumba za wageni, ghorofa mbili, maji ya moto. Mwaka 2013 yakatokea yaliyotokea, watu walitaka gesi isitoke kabla ya wao kuona faida, damu ikamwagika. Bomba likajengwa mpaka Dar, 2015 likaanza kazi. Wazungu wakapungua. Mwenye nyumba wangu wa zamani alinipigia mwenyewe, nirudi kwa bei ya mwanzo. Sikurudi, nilikuwa nimeshazoea mihogo ya yule mama.

#31 Mgeni wa Msimu
Mama wa mihogo mbele ya kibanda cha vocha?

#32 Mwana Shangani
Huyo huyo. Msalimie. Mwambie yule wa kachumbari nyingi.

#33 Kibarua wa Gatini
Mwana Shangani umeongea, ila usimalizie kwenye gesi. Bandari sasa haijalala. Kuna gati jipya la mita 300. Msimu wa korosho tunapakia usiku na mchana, na korosho zikiisha yapo makaa ya mawe ya Ruvuma, malori yanashuka Songea mpaka hapa. Zamani msimu ukiisha nilikuwa narudi Newala kulima. Mwaka jana sikurudi. Mke analalamika vumbi jeusi kwenye nguo, mimi nalihesabu kama mshahara.

#34 Ngosha Kusini
Na hayo makaa ndiyo yatakayoleta reli mpya. Mpango upo wa reli ya kisasa kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa na Liganga kwenye chuma, kilomita kama elfu moja. Hapo Railway itapata reli yake.

#35 Kuchele Tu
Hiyo reli naisikia tangu nipo darasa la tano. Sasa mwanangu yuko darasa la tano.

#36 Mpimaji Mstaafu
Tofauti ipo. Ile ya kwanza ilijengwa kabla ya kujua kama karanga zitaota. Kongwa udongo ulikuwa ukikauka unakuwa kama saruji, wakaleta matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, yakashindwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zikapotea. Makaa yapo, yameshapimwa na yanachimbwa.

#37 Dereva wa Kusini
Reli ikija sisi wa malori tutakula wapi?

#38 Ngosha Kusini
Ndiyo maana haiji :)

#39 Mwalimu wa Vigaeni
Nirudi kwa mleta uzi. Umeuliza reli iko wapi. Jumamosi toka uende kwa miguu. Utaona mji huu barabara zake zimenyooka na ni pana kuliko magari yaliyopo, viwanja vikubwa, katikati ya makazi unakutana na pori. Umepimwa na watu waliotegemea umati. Ukitembea tafuta tuta lililonyooka lisilo na sababu ya kunyooka. Treni haikati kona kama bajaji. Ukiliona, umeiona reli. Ukirudi pitia Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo, utazame michoro ya kuta, kazi ya Padre Polycarp Uehlein miaka ya 70. Haihusiani na reli, lakini utakuwa umeshachoka na utahitaji kivuli.

#40 Mpwa wa Makonde
Mwalimu, Mtwara yenyewe je? Mimi nafahamu ni kutoka kutwala, kutwaa. Waliotwaa ni akina nani?

#41 Lindi Asilia
Nyie. Mlitwaa makao makuu.

#42 Kuchele Tu
😂😂 Funga uzi.

#43 Mgeni wa Msimu
Usifungwe, nimetoka kutembea.

Nimeanza saa moja asubuhi. Nimepita nyuma ya nyumba tunazopanga, nikazunguka, nikapotea mara mbili. Kama saa tatu nikaliona. Tuta, kimo cha goti langu, limenyooka kama rula, limepita katikati ya mikorosho na kukatwa na ukuta wa mtu. Juu yake watoto wanacheza chandimu, goli moja mawe mawili, goli jingine ndoo. Nikasimama pale kama nimeona kaburi la mfalme. Nimepiga picha kumi na tano, nitapandisha bando likiingia.

Nikamwona mzee anafagia uwanja wake jirani na pale. Nikamsalimu, nikamwambia kwa furaha, mzee, kumbe hii ndiyo njia ya treni. Akasimamisha ufagio. Akalitazama tuta, akanitazama mimi. Akasema, "Hii? Hapa walifukia bomba la maji, mimi mwenyewe nilichimba."

#44 Babu wa Kota
Mwulize alichimba mwaka gani, na chini alikuta nini. Usiondoke Mtwara kabla hujamwuliza.

#45 Mpimaji Mstaafu
Pandisha picha. Nitakwambia.

#46 Mgeni wa Msimu
Nimerudi jioni, hayupo, kaenda Msangamkuu msibani. Mama wa mihogo anasema huyo mzee ni mgeni, kaja juzi tu, 1978.